“Utafiti Umebaini”: Umebaini Nini, kwa Nani, Ukilinganishwa na Nani?

Daladala ya Mbalizi kwenda Uyole ilikuwa imekwama Mafiati, jua la saa nane, madirisha yamefunguka nusu. Kijana aliyebanana na konda akaachia simu sauti hadi mwisho, zile sauti za kurekodi zinazosafiri kutoka grupu hadi grupu: “Ndugu zangu, utafiti umebaini mbu wa Kyela wanaambukiza UKIMWI. Sambaza, okoa maisha.” Mama aliyepakata ndoo ya mchele akashika kifua. “Mwe bandu! Na mimi huko ndiko natoka leo hii.” Mzee wa siti ya nyuma hakushtuka hata kidogo. “Achana nao hao, mama. Jana mayai mabaya, leo mayai mazuri. Hawana msimamo.”

Ujumbe ule ulikuwa uongo, lakini haukutoka hewani. Kuna utafiti halisi uliofanyika Kyela, ukafanywa na wanasayansi wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile tunayoiita NIMR, pamoja na wenzao wa Munich, Ujerumani. Ulichapishwa mwaka 2016 katika Lancet, jarida la kitabibu. Na ndani yake kweli mna habari ya VVU, na kweli mna habari ya ugonjwa unaoletwa na mbu. Kilichopotea njiani ni kila kitu kilichokuwa katikati.

Tuanze na maneno yenyewe. Utafiti ni swali lililoulizwa kwa utaratibu ulioandikwa wazi, kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuurudia na kuona kama atapata jibu lilelile. Basi. Hakuna siri zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utafiti umebaini nini, uliza uliuliza nini. Sampuli ni wale waliopimwa kwa niaba ya wengine. Mpishi haimalizi sufuria nzima ya mchuzi kujua kama chumvi imekolea. Anaonja kijiko kimoja, ila lazima kwanza akoroge. Asipokoroga, kijiko cha juu kitamdanganya. Ndiyo maana watu 1,000 waliochaguliwa vizuri wanaweza kusema mambo ya mkoa mzima, na watu 50,000 waliojichagua wenyewe kwa kubofya kitufe cha simu wasiseme lolote.

Neno la tatu ndilo linaloumiza vichwa: uhusiano. Vitu viwili kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja kimemzaa mwenzake.

Tuseme wewe ni mkulima wa Inyala, umepewa mbegu mpya ya mahindi uijaribu. Unaipanda kile kipande kilicho jirani na zizi la ng’ombe, kwa sababu ndiko unakopita kila asubuhi na utaiona vizuri. Mbegu yako ya zamani inabaki kule juu mteremkoni, mvua inakosomba udongo. Wakati wa kuvuna, mbegu mpya imetoa magunia mengi zaidi. Sifa ni za mbegu au za samadi? Hujui, na hutajua hata ukipima kwa mizani ya dhahabu. Wanaofanya majaribio ya kilimo pale Uyole hulikwepa tatizo hilo kwa kukata shamba vipande vidogo vidogo, kisha kupiga kura kipande kipi kipate mbegu ipi, na kurudia mara kadhaa. Kura haina upendeleo kwa zizi. Samadi ikiwepo, itazigawia mbegu zote mbili.

Kwa dawa na binadamu ni hivyohivyo: wagonjwa hugawanywa kwa kura, nusu dawa mpya, nusu dawa ya kawaida, na mara nyingi hata daktari hajui nani amepata ipi mpaka mwisho. Wanaopata ya kawaida ndio kundi la kulinganishia. Bila kundi hilo, kila dawa inaponya, kwa kuwa mafua hupona yenyewe na maumivu ya mgongo huja na kuondoka. Mwaka 2011 watu walisafiri kutoka pande zote za nchi, Mbeya ikiwemo, kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba iliyosemekana kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Kila mtu alikuwa na jirani aliyepona. Waliokunywa na wasipone hawakurudi kusimulia, na hakukuwa na kundi la wasiokunywa la kuwalinganisha nao.

Sasa turudi Kyela. Kule, karibu na Ziwa Nyasa, minyoo ya matende na mabusha ilikuwa tatizo kubwa kwa miaka mingi. Minyoo hiyo huenezwa na mbu. Wengi wanaoibeba hawana mguu uliovimba wala busha. Wanatembea nayo damuni bila kujua. Watafiti walikuwa na wakazi waliokuwa wakiwafuatilia kati ya mwaka 2006 na 2011. Wakapima nani ana minyoo hiyo na nani hana, wakaangalia katika miaka ile ni akina nani kati yao walipata maambukizi mapya ya VVU.

Wenye minyoo walipata VVU zaidi: takriban watu 1.9 kwa kila 100 kwa mwaka, wakati wasio na minyoo walikuwa 0.8 kwa kila 100. Zaidi ya mara mbili.

Ukisikia “mara mbili” simama kidogo. Mara mbili ya nini? Bei ya kiberiti ikipanda mara mbili hakuna anayeuza ng’ombe. Nauli ya basi la Dar ikipanda mara mbili watu wanaahirisha misiba. Hapa tunazungumzia kutoka chini ya mtu 1 kwenda karibu watu 2 katika kila 100 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja mmoja, wengi mno katika makundi yote mawili hawakuambukizwa. Kwa wilaya nzima yenye maelfu ya watu, tofauti hiyo ni familia nyingi. Yote mawili ni kweli, na mwandishi mwaminifu wa habari angekupa yote mawili. Anayetaka uogope atakupa “mara mbili” peke yake, na anayetaka upuuze atakupa “mtu mmoja tu katika mia”.

Je, hapa hakuna zizi la ng’ombe? Swali zuri, maana huwezi kupiga kura nani aambukizwe minyoo. Hiyo ingekuwa dhambi kabla haijawa sayansi. Huenda wenye minyoo ni maskini zaidi, au wa rika fulani, au wana wapenzi wengi zaidi. Watafiti waliuliza mambo ya umri, ya kipato na ya mahusiano ya kimapenzi, wakayaingiza katika mahesabu. Tofauti ikabaki. Hilo linaipa hoja nguvu, ingawa bado halifikii kura, kwa sababu unaweza kuhesabu tu kile ulichokumbuka kuuliza. Dhana inayotolewa ni kwamba minyoo inayokaa mwilini miaka na miaka huifanya kinga iwe macho muda wote, na chembe za kinga zilizo macho ndizo VVU inazozivamia kwa urahisi zaidi. Mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo unabaki umerudishiwa tu.

Lakini mgeni bado anaingia kwa njia zake zilezile: ngono bila kinga, damu, mama kwa mtoto. Mbu hayumo. Mbu akikunyonya hakurudishii damu ya mtu aliyetangulia. Anachokudunga ni mate yake, na VVU haizaliani ndani ya mbu, humeng’enywa kama chakula kingine. Minyoo ya matende na vijidudu vya malaria vina hatua ya kukua ndani ya mbu, ndiyo maana mbu huvieneza. Na kama hoja hiyo haitoshi, angalia watoto wa shule ya msingi: nao wanatafunwa na mbu na kuugua malaria kila msimu. Mbu wangekuwa wanaeneza VVU, rika hilo lingejaa maambukizi. Halijajaa.

Sentensi sahihi ya kurusha kwenye grupu ingekuwa hivi: “Watu wa Kyela wenye minyoo ya matende walionekana kuambukizwa VVU zaidi kuliko majirani zao wasio na minyoo, kwa hiyo huenda kutibu matende kuna faida nyingine.” Sikatai, haina mvuto. Nani atasambaza sentensi yenye “walionekana” na “huenda”?

Yule mzee wa siti ya nyuma naye ana hoja yake, na haitoshi kumcheka. Watafiti hubadilika kweli. Mfano mzuri kuliko mayai ni kifua kikuu, ugonjwa ambao kituo hichohicho cha Mbeya kimeufanyia kazi kwa miaka.

Tiba ya kawaida ya TB ni miezi 6. Kwa kibarua wa mashamba ya chai Mufindi, miezi 6 ya vidonge ni mingi. Mwezi wa tatu kikohozi kimekoma, mwili umerudi, na kwenda kliniki kunakula siku ya kazi. Kwa hiyo ndoto ya miaka mingi imekuwa kufupisha. Lakini kupima kama mtu amepona TB kunataka subira, maana ugonjwa unaweza kurudi baada ya mwaka. Watafiti wakatafuta njia ya mkato: kupima makohozi. Vijidudu vikitoweka mapema kwenye makohozi, dawa ina kasi. Inaingia akilini.

Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa 1,931 katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, likijaribu tiba mbili za miezi 4 zenye dawa iitwayo moksifloksasini. Makohozi yalisafishika haraka kuliko kwa tiba ya kawaida. Ingekuwa ndiyo mwisho wa habari, gazeti lingeandika “TB sasa kutibiwa kwa miezi minne”. Watafiti wakasubiri. Ulipofika wakati wa kuhesabu waliopona na kubaki wamepona, tiba ya miezi 6 ilikuwa na mafanikio ya 92 kwa kila 100, na zile mbili za miezi 4 zikawa 85 na 80. Makohozi yalisema kweli kuhusu makohozi. Hayakusema kweli kuhusu kupona.

Ni sawa na kuangalia bomba la jikoni. Maji yakitoka meupe unafurahi, kumbe tope limetulia chini ya tangi, linangoja siku mtu aligonge.

Ndipo mwaka 2017 ukachapishwa utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Tanzania, Mbeya ikiwa miongoni mwa vituo, wagonjwa 365. Rifampisini, dawa ya TB ya miaka mingi, iliongezwa kutoka miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili hadi 35. Kwa kipimo kimojawapo, nusu ya wagonjwa wa kawaida makohozi yao yalikuwa safi kufikia siku ya 62. Waliopata dozi kubwa, siku ya 48. Habari njema? Njema, lakini msomaji aliyekumbuka mwaka 2014 anajua kwamba hayo ni makohozi tena. Mwaka 2021 mchanganyiko mwingine, wenye rifapentini pamoja na ileile moksifloksasini, ukaonyesha kwamba miezi 4 inaweza kufanya kazi ya miezi 6, safari hii kwa kipimo cha kupona na kubaki umepona.

Kwa hiyo ndani ya miaka saba: miezi minne haiwezekani, huenda, inawezekana. Ukisikiliza vichwa vya habari, ni vigeugeu. Ukiangalia swali lililoulizwa kila safari, dawa zilikuwa tofauti, na kipimo nacho hakikuwa kilekile kila mara. (Na aliyeanzishiwa miezi 6 amalize miezi 6. Miezi 4 ni ya mchanganyiko ule, haimo kwenye vidonge ulivyopewa wewe.)

Nije upande wa jamii, ambako mkanganyiko umetushika pabaya zaidi sisi watu wa nyanda za juu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe na Rukwa ni kama 50. Taifa zima ni 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage! Niliusikia ubishi wa habari hii kwenye kijiwe kimoja Iringa mjini, na hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza: “Wanetu wanene, mashavu haya hapa, udumavu uko wapi?” Ya pili: “Sisi asili yetu ni wafupi.”

Hoja ya kwanza hutoka kwenye kuchanganya mizani na rula. Udumavu ni urefu kwa umri. Mtoto anaweza kuwa na mashavu na bado akawa mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Nimeona jinsi wanavyopima. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali kwenye ubao wenye namba. Mtu mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine ananyoosha magoti kwa kiganja na kusogeza kibao cha chini mpaka kiguse nyayo. Mtoto analia, anapiga teke, wanaanza upya. Namba inasomwa kwa sauti, mwandishi anairudia kwa sauti, ndipo inaandikwa. Halafu linakuja gumu kuliko teke: amezaliwa lini? Kadi ya kliniki ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, bibi anasema “wakati wa kung’oa viazi”, na mpimaji anatoa karatasi yenye matukio ya eneo lile, mavuno, sikukuu, uchaguzi, wanakokotoa pamoja mpaka mwezi upatikane. Ukikosea miezi miwili, mtoto mzima anahesabiwa amedumaa, au aliyedumaa anapita.

Hoja ya pili nzito zaidi, nayo ina jibu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinavyotumika tangu 2006 vilitokana na watoto karibu 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Wakakutwa wanakua kwa mwendo unaofanana sana katika miaka ile ya kwanza, Mghana na Mnorwe. Katika watoto wenye afya, wanaoangukia chini ya mstari wa udumavu kwa sababu tu wamezaliwa wafupi ni kama 2 katika 100. Asili inaweza kueleza wawili. Haiwezi kueleza 57.

Basi ni nini? Hapa niwe mkweli: utafiti ule ni picha ya mnato. Unaonyesha wangapi wamesimama wapi siku ile, hauonyeshi walifikaje. Tunayojua kwa njia nyingine ni kwamba gunia la mahindi na sahani ya mtoto ni vitu viwili. Mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na uji wa mahindi mtupu na kaka wa miaka saba. Maziwa na mayai yanauzwa. Kuharisha kunajirudia, na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hupata sumu ya kuvu. Ukiniuliza ipi inaongoza, nitakwambia usimwamini anayetaja moja tu kwa haraka. Na serikali za mitaa hupenda kutaja moja, kwa sababu moja ni rahisi kuitengea bajeti.

Wapo wanaodhani dawa ya mkanganyiko huu wote ni kuuliza “umechapishwa kwenye jarida?” Inasaidia, haitoshi. Kabla ya kuchapishwa, makala hupelekwa kwa wataalamu wengine waichambue, lakini hao husoma karatasi, hawaendi kuhesabu wagonjwa upya. Mwaka 1998 Lancet, jarida hilihili, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield iliyodokeza kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Watoto 12. Hakuna kundi la kulinganishia. Jarida liliifuta mwaka 2010, na mpaka leo utamkuta mzazi Tukuyu anayeirudia bila kujua aliitoa wapi.

Nimalizie na fundi mmoja rafiki yangu wa Mbarali, maana uhandisi nao una “utafiti umebaini” yake. Alisoma mahali kwamba majivu ya pumba za mpunga yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya simenti. Ni kweli kabisa, kumefanyiwa kazi nyingi duniani: majivu hayo yana silika nyingi (madini yaliyomo pia kwenye mchanga), mara nyingi asilimia 85 hadi 90, na silika hiyo hushikana na chokaa inayotoka kwenye simenti. Pale Ubaruku pumba zipo vilima kwa vilima nyuma ya mashine za kukoboa, na simenti bei yake mnaijua. Akachota majivu kwenye tanuri alilochomea matofali kwa pumba, akachanganya nusu kwa nusu, akafyatua tofali.

Kwenye maabara, pumba huchomwa kwa joto linalodhibitiwa. Likizidi sana, kama ndani ya tanuri la matofali, silika hujipanga kuwa fuwele na kupoteza kile kinachoifanya ishikane. Majivu yanasagwa laini. Yanachukua nafasi ya sehemu ndogo tu ya simenti, mara nyingi kumi au ishirini katika mia. Kisha zege linamiminwa kwenye viboksi vya sentimita 15 kila upande, linalowekwa majini, linavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, sambamba na viboksi vya simenti tupu.

La fundi lilivunjika siku ya tatu, wakati wa kulipanga. Akanipigia simu kunilaumu mimi na wasomi wangu. Nikamwuliza kama pembeni yake alifyatua hata moja la simenti tupu, aone lingefikaje hiyo siku ya tatu.

“Ningefyatua,” akasema, “ila simenti iliisha.”